Kabla hujauliza bei ya printa, tuambie unaprinti nini

Mama mmoja mwenye shule ya chekechea kule Muheza aliingia dukani kwetu na printa aliyoirudisha kwenye boksi lake. Alikuwa ameinunua wiki sita tu zilizopita. Haikuwa mbovu. Wino wake mweusi ulikuwa umekwisha kwa mara ya nne, na yeye alishaamini kwamba ameuziwa kitu kibovu.

Nikamuuliza, "Mama, unaprinti nini?" Akafungua mkoba, akatoa mtihani wa watoto wake: kurasa nne, zina picha ya kuku, embe, nyumba na herufi kubwa nene za kufuatisha kwa penseli. Watoto 60. Nikachukua katriji yake nikamwonyesha maandishi ya pembeni: kurasa 120. Mtihani mmoja kwa darasa zima ni kurasa 240, yaani katriji mbili, na hapo hatujahesabu zile picha. Alikaa kwenye kiti akasema, "Sasa mbona aliyeniuzia hakuniambia?"

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali hilo. Wateja wengi wanapiga simu wakiuliza, "Printa mnauza shilingi ngapi?" Ni swali la haki, pesa ni ya mtu. Lakini bei ya printa ni sehemu ndogo ya gharama utakayobeba. Sisi tunaanza na maswali mawili: kwa mwezi unaprinti kurasa ngapi, na printa inaweza kukaa siku ngapi bila kuguswa? Ukishayajibu, printa yenyewe karibu inajichagua.

Hesabu ya ukurasa mmoja

Namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye katriji inatokana na kipimo cha kimataifa. Kwa katriji za wino ni ISO/IEC 24711, kwa tona nyeusi, yaani unga wa printa za leza, ni ISO/IEC 19752. Kurasa za kipimo hicho ni za maandishi ya kawaida, kiasi kwamba kwa weusi wino unafunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Barua ya ofisi inakaribia hapo. Mtihani wa chekechea wenye kuku mweusi aliyejazwa wino haukaribii kabisa. Kwa hiyo ukisoma "kurasa 120" na kazi zako ni za picha, jiandae kupata pungufu sana ya hapo.

Gawanya bei ya wino kwa idadi ya kurasa. Nitatumia bei za mfano tu, wewe weka za siku utakayonunua. Katriji ndogo ya shilingi 40,000 inayotoa kurasa 120 inakupa ukurasa kwa shilingi 333. Kwa bei hiyo ni afadhali uende steshenari ya jirani. Chupa ya wino mweusi ya Epson 003 imepimwa kurasa 4,500. Ukiinunua kwa 30,000, ukurasa unakuwa shilingi 7 hivi. Tona ya HP 85A, ile inayotumika kwenye LaserJet P1102 ambazo zimejaa kwenye steshenari zetu, imepimwa kurasa 1,600. Ukijaziwa unga kwa 25,000, ukurasa ni kama shilingi 16. Karatasi haimo humo.

Jambo jingine la kuuliza: wino au tona inayokuja ndani ya boksi jipya mara nyingi haijajaa kama ile utakayonunua baadaye. Na kwenye printa ya tanki, ile unayoijaza wino wa chupa, sehemu ya wino wa kwanza inaishia kujaza mirija, kwa hiyo usishtuke chupa za mwanzo zikiisha mapema.

Mama wa Muheza alihitaji printa ya tanki, basi. Anaprinti kila wiki, anataka rangi kidogo, na kurasa ni nyingi.

Si kila mtu anayehitaji tanki

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu siku hizi kila anayeingia dukani anasema "nataka ile ya wino wa chupa", hata mtu anayeprinti barua mbili kwa mwezi. Wino ni maji. Unapita kwenye matundu madogo kuliko unavyoweza kuona kwa macho, na ukikaa bila kutembea unaganda humo.

Wiki hii nilikuwa na printa ya mzee mstaafu iliyokaa tangu Ramadhani. Nilipotoa karatasi ya kupima nozeli, yaani hayo matundu, ile yenye vistari vidogo kama ngazi, rangi ya njano haikutoka kabisa, bluu ilitoka vipandevipande, nyeusi ilikuwa na mapengo matano. Tulitoa hedi, sehemu yenye hayo matundu ya kurushia wino, tukaweka tishu chini yake, tukasukuma dawa ya kusafishia polepole kwa bomba la sindano. Mwanzoni tishu ilibaki nyeupe. Baada ya saa nzima ikaanza kuingia ubluu, halafu njano, hadi ikatoka michirizi minne iliyonyooka. Ilipona. Nyingine haziponi, na hedi mpya inaweza kukaribia nusu ya bei ya printa.

Ukiwa na printa ya tanki, toa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi. Na usiwe mwepesi wa kubonyeza "safisha hedi" mara kumi mfululizo. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya printa, na sponji ikijaa printa inagoma kufanya kazi. Kuna printa ambazo unabadilisha kisanduku hicho mwenyewe, nyingine lazima zije kwa fundi. Uliza kabla ya kununua.

Kwa mzee yule, na kwa ofisi ndogo ya wakili, kikundi cha VICOBA au kanisa linalotoa matangazo meusi tu, sisi tunashauri printa ya leza inayotoa weusi tu. Tona ni unga, haigandi. Ukiiacha miezi mitatu, siku ukiiwasha ukurasa wa kwanza unatoka safi. Maandishi yake hayachuruziki yakipata maji, jambo la maana kwa mtu anayepeleka mkataba ofisini kwa bodaboda wakati wa mvua. Wino wa tanki unatofautiana: kuna wa rangi iliyoyeyuka, unaochuruzika, na kuna wa chembe, unaostahimili maji zaidi. Usitegemee maneno ya muuzaji. Printi neno moja, liache likauke, dondoshea tone la maji, pitisha kidole.

Umeme

Leza ina sehemu inayoitwa fyuza, ambayo inapashwa joto hadi karibu nyuzi 200 ili unga uyeyuke na kushika karatasi. Joto hilo linakula umeme. Leza ndogo ikiwa kazini inavuta wati mia kadhaa, na kila fyuza inapopata moto inavuta kwa mkupuo. Printa ya wino inatumia wati kumi na kitu tu. Anayetumia sola na invata ndogo kule Pangani au Handeni asinunue leza kabla hajapima uwezo wa invata yake. Na usichomeke leza kwenye tundu lenye betri la UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika; watengenezaji wa UPS wenyewe wanakataza, na sisi tumeshapokea UPS zilizozima kabisa kwa ajili hiyo.

Printa kutoka kwa ndugu wa ng'ambo

Tunazipokea nyingi, na nyingine inaniuma kuwaambia wenyewe ukweli. Leza iliyonunuliwa Marekani mara nyingi fyuza yake ni ya volti 110 hadi 127. Ukiichomeka kwenye volti 230 za hapa, unaiunguza siku hiyohiyo. Geuza printa usome kibandiko cha nyuma kabla hata hujatafuta waya. Printa nyingi za wino huandikwa 100 hadi 240, hizo hazina shida ya umeme. Lakini tazama jina: kuna printa za HP zenye herufi "e" mwishoni, na ukizisajili kwenye mpango wao wa HP+ zinadai intaneti na katriji halisi za HP kwa maisha yote ya printa. Kuna pia katriji zilizofungwa kwa kanda, ambapo katriji ya Afrika inakataliwa na printa iliyoanzia Ulaya. Ndugu yako akikupigia kabla ya kutuma mzigo, mwombe akupigie picha kibandiko na katriji, utuletee tuviangalie.

Za mtumba za hapahapa tunaziuza na tunaziamini, mradi zikaguliwe. Mwambie muuzaji atoe ukurasa wa taarifa za printa. Nyingi zinaonyesha kurasa ngapi zimeshatoka tangu kiwandani. Kisha printi kurasa 20 mfululizo mbele yako. Karatasi zikiingia mbilimbili au zikikwama, rola zimelika, na hilo ni tengenezo dogo. Ukiona maandishi yanafutika kwa kidole, fyuza ina tatizo, na hilo si dogo. Kwenye HP nyingi ndogo dramu, silinda inayohamishia unga kwenye karatasi, imo ndani ya katriji ya tona, kwa hiyo ukijaza unga mara tatu nne dramu ileile inachoka na karatasi inaanza kutoka na ukungu wa kijivu. Brother wameitenga dramu peke yake; unabadilisha tona kadhaa ndipo uibadilishe dramu.

Mawili ya kwetu pwani. Wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu, zinajikunja na kukwama, na mtu anadhani printa imekufa. Usiache rimu wazi. Toa karatasi za siku hiyo, nyingine zirudishe kwenye ganda lake. Na printa ya tanki ikishajazwa wino haisafiri hovyo. Ikibidi ipande basi, funga kufuli ya usafirishaji kama inayo, kaza vifuniko, ibebe ikiwa imelala sawa na ikae mapajani mwako. Tumepokea moja iliyotoka Dar kwenye buti ikiwa imesimama kwa ubavu, na wino wa rangi nne ulikuwa umechanganyika hadi ndani ya skana.

Ukija, usije na swali la bei peke yake. Njoo na flashi yenye kazi zako halisi: mtihani, risiti, picha ya pasipoti, chochote. Tutaziprinti kwenye tanki na kwenye leza, bure, uondoke na karatasi uzilinganishe nyumbani. Mama wa Muheza alifanya hivyo na kuku wake, akaenda, akarudi siku ya tatu akiwa ameamua mwenyewe. Wiki za mitihani foleni huwa ndefu kuanzia saa sita mchana, kwa hiyo walimu tunawaomba mfike asubuhi.