Tupime dawa ng'ombe akiwa bado hai

Ndugu Mhariri,

Mkaguzi wa nyama machinjioni hupasua moyo na ulimi kutafuta tegu, huchana maini, hubinya tezi, kisha hugonga muhuri. Kisu na macho vimemaliza kazi yake. Mabaki ya dawa ya sindano hayaonekani kwa njia hiyo, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Tangu wafugaji wengi walipohamishwa kutoka bonde la Usangu kuja Lindi, miaka ya 2006 na 2007, ng'ombe wameongezeka sana kusini, na mapori yetu yana mbung'o. Magonjwa ya nagana, inayoletwa na mbung'o, na ndigana, inayoletwa na kupe, hayawapi wafugaji nafasi ya kupumua. Mfugaji hununua dawa dukani, anachoma mwenyewe. Simlaumu, afisa mifugo yuko mbali. Shida huja pale ng'ombe asiyepata nafuu anapokimbizwa mnadani kabla hajafa. Chupa nyingi za oksitetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 20 zimeandikwa kuwa mnyama asichinjwe mpaka zipite siku 28. Mnadani nani anauliza?

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu maikrogramu 200 tu za dawa hiyo kwa kilo ya nyama, 600 kwa maini na 1,200 kwa figo. Kuchemsha hupunguza dawa, hakuiondoi yote. Na mabaki haya, hata yakiwa machache, huwazoesha vijidudu dawa zile zile tunazozitegemea hospitalini.

Siku hizi watafiti wanatengeneza vihisi vya kielektrokemia, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mabaki ya dawa kwa njia ya umeme. Ni ndugu wa kile kipima sukari cha mgonjwa wa kisukari: sampuli inadondoshwa kwenye kijiti chenye elektrodi (kipitisha umeme) ya kaboni iliyopakwa kingamwili, yaani protini inayonasa kitu maalumu, kingamwili inaikamata dawa, mkondo wa umeme unabadilika, na badiliko hilo linasomwa kuwa kiasi. Vingi bado viko maabara, kwa sababu damu na mafuta ya nyama huziba elektrodi.

Ndiyo maana naomba tusianzie kwenye nyama, tuanzie kwenye mkojo wa ng'ombe aliye hai zizini, kabla ya kuchinjwa. Mkojo hauna mafuta, na dawa nyingi hutoka mwilini kupitia humo. Ukimkuta na dawa baada ya kuchinja, mwenye mali anapoteza ng'ombe mzima, kwa hiyo kesho atakuficha. Ukimkuta akiwa hai, anarudi malishoni mpaka siku zitimie; anachopoteza ni muda. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo hapa Mtwara. Kituo hicho kingejaribu vijiti hivyo, na sampuli zenye shaka zithibitishwe kwa mashine kubwa za maabara, maana kihisi ni cha kuchuja, si cha kuhukumu.

Gharama? Halmashauri zetu hutoza ushuru wa mifugo mnadani na machinjioni. Zitueleze ni sehemu gani ya fedha hiyo inaweza kwenda kwenye upimaji, na zianze na mnada mmoja tu.

Mlaji wa nyama,
Masasi, Mtwara