Fukusi na dumuzi si mdudu mmoja

Mhariri,

Makala nyingi za kilimo, msimu wa mavuno ukifika, huwatia fukusi na dumuzi kapu moja. Anayeumia ni mkulima, maana hununua dawa isiyomhusu mdudu wake.

Fukusi ana pua ndefu iliyopinda, na papasi zake (vipapasio) zimeota juu ya pua hiyo. Fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais), wa mchele (S. oryzae) na wa migomba (Cosmopolites sordidus) wote ni wa nusufamilia ya Dryophthorinae, ingawa wapo wataalamu wanaoihesabu kuwa familia kamili. Dumuzi (Prostephanus truncatus), aliyegunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni wa ukoo wa watoboa mbao. Hana pua, na ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, kimefunikwa na kifua.

Pirimifosi-methili humuua fukusi wa nafaka vizuri, lakini dumuzi huhitaji permethrini. Ndiyo maana zipo dawa za unga zilizochanganywa zote mbili. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Jike la fukusi wa nafaka hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huziba tundu kwa ute. Buu hukulia humo humo, na kwenye joto la nyuzi 27 mdudu kamili hutoka baada ya wiki tano hivi. Tena huruka, kwa hiyo mahindi huweza kubeba mayai yangali shambani, na kufagia ghala peke yake hakutoshi. Vuna mapema, anika hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13, ndipo ufunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ukifunga mabichi, utamkwepa fukusi uangukie kwenye ukungu.

Fukusi wa migomba ana tabia zake. Kuruka ni nadra, hutembea usiku, na wanaomhamisha ni sisi wenyewe kwa machipukizi. Menya tunguu la chipukizi (sehemu nene ya chini inayotoa mizizi) hadi alama za mabuu ziishe, lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, upande siku hiyo hiyo. Likilala shambani, harufu ya kidonda huwaita wengine. Lililotobolewa sana litupe.

Shamba la zamani litegee vipande vya gogo bichi la mgomba vya sentimeta 30, vilivyopasuliwa na kulazwa kifudifudi karibu na shina. Siku ya tatu okota fukusi uwaue. Jike hutaga mayai machache tu kwa wiki, lakini huweza kuishi hata miaka miwili, hivyo kila mmoja unayemwokota ana faida. Mitego isiyokaguliwa huwa mazalia yao.

Mdau wa kilimo,
Bukoba