Kwa mpwa wangu: kuhusu safari ya Cygnus X-1

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Malindi hatujambo, ila kaskazi imeshika na joto halisemeki.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Umeniuliza mambo mawili kuhusu Cygnus X-1, ile kazi ya kundi la muziki wa roki la Rush niliyokutumia: kwanza, ni wimbo gani huu ambao karibu nusu yake inapita bila mtu kufungua kinywa kuimba, na pili, mtu mzima wa Malindi ana haja gani na kisa cha chombo cha angani kilichotungwa na vijana wa Kanada kabla wewe hujazaliwa. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu si wewe peke yako unayeniuliza.

La kwanza halina maneno mengi. Wewe umelelewa katika nyumba ya taarabu, na sikumbuki hata siku moja uliyowataka wapiga udi na fidla wanyamaze ili mwimbaji aingie upesi. Subira ile ile itakutosha hapa.

La pili ndilo lililonikalisha kitako. Ukitoka hapa mjini ukashika njia ya Garsen, ukapita Mambrui na Gongoni, kisha ukakata kulia kuelekea baharini, unafika Ngomeni. Pale, katika maji ya Ghuba ya Ungwana, yamesimama majukwaa ya chuma ya Waitaliano, ambayo wavuvi huyapita na ngalawa zao bila kuyatazama mara mbili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani, na kwa heshima ya siku hiyo setilaiti ikaitwa Uhuru. Mahali hapa palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kwa msukumo wa bure.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei itokayo angani. Miale hiyo haifiki ardhini, kwani hewa inayotuzunguka huimeza yote, na kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakirusha maroketi madogo yanayochungulia juu kwa dakika chache tu na kuanguka. Roketi ya namna hiyo ndiyo iliyokigundua kitu kiitwacho Cygnus X-1 mwaka 1964, lakini ni Uhuru iliyokitazama kwa utulivu na kuonyesha kwamba mwanga wake wa eksirei hupanda na kushuka kwa kasi, hata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika haraka kiasi hicho lazima kiwe kidogo. Baadaye wanafalaki wakaona kwamba nyota kubwa ya samawati iliyo mahali pale inazungukana, kila baada ya siku 5.6, na mwenzi mzito asiyeonekana. Hivyo ndivyo Cygnus X-1 ilivyokuja kuwa kitu cha kwanza ambacho wengi walikikubali kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kukitoroka. Jicho lililosaidia kukitambua, mwanangu, liliondoka Ngomeni. Usiniambie tena kwamba mambo haya hayatuhusu.

Sasa turudi kwenye muziki. Mwaka 1976 Rush walitoa albamu ya 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni kisa kimoja, nayo ikapendwa kiasi cha kuwapa uhuru wa kufanya watakavyo. Mwaka uliofuata walikwenda Wales, katika studio za Rockfield, kurekodi A Farewell to Kings, na mwisho wa albamu hiyo wakaweka kitabu cha kwanza cha Cygnus X-1 (sehemu mbili za kazi hii wenyewe waliziita vitabu), chenye dakika kumi na ushei. Watatu hao, Geddy Lee, Alex Lifeson na Neil Peart aliyeandika maneno, walikuwa na miaka 23 au 24 tu. Kisa chenyewe ni kifupi: mtu mmoja, ndani ya chombo kiitwacho Rocinante (jina la farasi wa Don Quixote, na hapo msikilizaji ameshaonywa kuhusu akili ya nahodha), anaelekea kwenye shimo jeusi kwa hiari yake, kwa sababu anataka kujua kuna nini upande wa pili.

Sikiliza namna wanavyokifikisha. Baada ya sauti ya msimulizi, besi ya Lee inaanza kusikika kutoka mbali sana, ikikaribia polepole, kisha ngoma na gitaa vinaipiga kwa pamoja mahali ambapo sikio halikutarajia. Ukijaribu kufuatisha kwa makofi utapotea, na nadhani hilo limekusudiwa: kabla hujaambiwa neno lolote kuhusu safari, tayari huna pa kujishikiza. Mwishoni chombo kinaposhindwa kuongozwa, Lee anapandisha sauti hadi inakaribia kuwa ukelele mtupu. Wengi hawaipendi sauti hiyo. Mimi naona pale ndipo inapostahiki kuliko popote, maana mtu anayevutwa na shimo jeusi hawezi kuimba kwa adabu.

Kisha wakawaacha wasikilizaji wasubiri mwaka mzima. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1978 katika albamu ya Hemispheres, kikichukua upande mzima wa santuri, dakika 18. Msafiri anatokea mbele ya miungu ya Kiyunani: Apollo anayewapa watu akili na miji, na Dionysus anayewapa mapenzi na misitu, hadi majira ya baridi yanapowakuta watu hawana chakula. Watu wanagawanyika na kupigana, naye msafiri anafanywa mungu wa mizani. Nikuambie ukweli, hapa Peart anahubiri kidogo, na kitabu cha kwanza kinanigusa zaidi. Lakini muziki wake umefumwa kwa ustadi mkubwa, na ulikuwa mzito hata kwao: walikuta wameutunga juu mno kwa koo la Lee, ikabidi sauti zirekodiwe baadaye London kwa taabu.

Unauliza kwa nini kazi hii haichakai. Jibu langu ni kwamba ilitungwa juu ya kitu cha kweli ambacho hakikuwa kimeeleweka, na hadi leo hakijaisha kuchunguzwa. Rush walipokuwa studio, mwanafizikia Stephen Hawking alikuwa bado katika dau aliloweka na mwenzake Kip Thorne mwaka 1974, akidai kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikiri kushindwa mwaka 1990. Mwaka 2021 wanasayansi walipima upya na kusema uzito wake ni kama wa majua 21, wakati makadirio ya miaka kumi nyuma yalikuwa kama 15. Kila habari ya namna hiyo inapotoka, wimbo unapata tena sababu ya kusikilizwa, jambo ambalo hadithi za maroboti na vita vya sayari hazijajaliwa. Wenyewe pia hawakuuacha. Katika ziara yao kubwa ya mwisho wakiwa na Peart, mwaka 2015, walipiga vipande vya vitabu vyote viwili. Peart alifariki Januari 2020.

Kwa hiyo zima simu, vaa vipokea sauti vya masikioni, uanze na kitabu cha kwanza bila kuruka ile sehemu isiyo na maneno. Ukiona nimekionea kitabu cha pili, niandikie tubishane, lakini kwanza ufike kwenye ile sehemu fupi ya mwisho, The Sphere, ambapo kelele zote zinaondoka na kubaki gitaa na sauti. Hiyo hata mimi sina la kuitoa kasoro.

Nisalimie mama yako na wote nyumbani.

Mjomba wako