Kwenu walezi wa vikundi: waacheni watu waombe wenyewe

Wapendwa walezi wa vikundi vya maombi na mafunzo ya Biblia,

Bwana asifiwe. Barua hii nimeiweka kando majuma matatu nikitumaini uchungu utapoa. Haujapoa, basi naandika hivyo hivyo, nanyi mnichukulie kama baba yenu.

Nilikwenda kumjulia hali dada yetu mmoja aliyelazwa, kesho yake afanyiwe upasuaji. Nilimkuta amelala chali, simu kifuani. Kila baada ya muda kidogo anaiinua, anapiga, anaisikiliza ikiita mpaka inakatika, anairudisha kifuani. Nikamuuliza anamtafuta nani. "Namtafuta mtumishi aniombee kabla hawajaniingiza." Nikamwambia, mwanangu, tuko wawili hapa, tuombe. Anza wewe, nitamalizia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asome maandishi ya lugha asiyoijua. "Mzee, mimi sijui kuomba. Mimi huwa naitikia amina."

Dada huyu ameokoka miaka 11. Anaimba kwaya, hakosi kesha, anafunga tukitangaza mfungo, na daftari lake la mahubiri limejaa mpaka kwenye jalada. Usiku aliomhitaji Mungu kuliko usiku mwingine wowote, alijiona hana pa kuingilia kwa sababu simu haikupokelewa.

Simlaumu mtumishi, naye ni mtu, hulala. Nawalaumu ninyi, na mimi nikiwa wa kwanza, maana nimelea vikundi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Tulimfundisha kuja, kuimba, kutoa na kutumika. Kukaa peke yake na Baba yake, mlango umefungwa kama Yesu alivyoagiza, hatukumfundisha. Tulimfanyia sisi kwa miaka 11, tukaita huko kumlea.

Juma lililofuata niliketi nyuma katika kikundi kimoja na nikaangalia saa. Mlezi alifundisha dakika 50, akauliza nani ana ombi, watu wakataja mahitaji yao mmoja mmoja, akayakusanya yote, akaomba mwenyewe dakika kumi, akafunga. Sauti za waliobaki nilizisikia kwenye wimbo na kwenye amina. Kijana mmoja alitaja ombi la baba yake ambaye hawasemezani. Aliyekaa ubavuni pake hakuambiwa amshike mkono amwombee. Na yeye mwenyewe hakuulizwa, "Wewe ungependa kumwambia Mungu nini kuhusu baba yako?" Ombi liliandikwa, likaombewa, tukaenda nyumbani.

Najua mnavyojitetea. Mnasema wakiachiwa wataomba vibaya, watababaika, watarudia maneno, muda utapotea. Acheni wababaike! Mtoto anayejifunza kutembea hubebwa na nani hata miguu yake ikapata nguvu? Wengine wenu, na hili naliandika kwa kuwapenda, mmezoea kutafutwa. Inapendeza mtu anapokupigia usiku wa manane akisema hana mwingine. Yohana Mbatizaji alipoona wanafunzi wake wanamfuata Yesu hakuwarudisha. Alisema yeye hana budi kupungua. Mlezi ambaye watu wake wanazidi kumhitaji mwaka hata mwaka ajiulize anamlelea nani.

Nirudi pale kitandani. Nilimwambia dada yetu, mweleze Mungu kile ulichokuwa unakiwaza kabla sijaingia, kwa maneno yale yale. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Bwana, naogopa kisu. Sitaki kufa. Watoto wangu bado wadogo." Akafumbua macho akaniuliza, "Hayo nayo ni maombi?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Nilimfungulia Zaburi ya 13, yenye aya sita tu, inayoanza kwa Daudi kumuuliza Mungu atamsahau hata lini. Aliisoma mwenyewe kwa sauti, akarudia aya ya kwanza. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu hivyo. Na angejuaje? Katika vikundi vyetu mtu akilia anaambiwa ajikaze, ashukuru kwa kila jambo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna neno la faraja mwishoni, na Mungu aliiacha ndani ya Biblia. Sisi tungemnyang'anya mwandishi wake kipaza sauti.

Ndiyo maana nawaomba muwe wapole kwa wenye mashaka. Kijana akiuliza kwa nini Mungu hakujibu, msimkemee wala msikimbilie kutoa pepo. Yule baba aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" hakufukuzwa, mwanawe aliponywa siku hiyo hiyo. Yuda, siyo yule msaliti bali mwandishi wa waraka, aliandika kwamba wenye shaka wahurumiwe. Na kama hujui jibu, sema hujui, kisha mkalitafute pamoja.

Kuhusu kusoma Neno, nitasema machache. Msiwape watu aya ya siku kwenye simu mkadhani mmewalisha. Chukua mtu mmoja, someni Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Zipo 16, kwa hiyo kabla mwezi haujaisha mmemaliza. Muulize ameona nini kabla hujamwambia wewe umeona nini. Filipo alimkuta Mwethiopia anasoma Isaya, akaanza kwa kumuuliza kama anayaelewa anayoyasoma, akapanda garini akakaa naye. Watu wa Beroya walikuwa wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyowahubiri Paulo ndivyo yalivyo, na Luka anawasifu kwa hilo. Watu wako wakikuchunguza, usinune.

Anayekosea mwonye faraghani. Apolo alipofundisha akiwa na upungufu, Prisila na Akila hawakumsahihisha mbele ya sinagogi. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi.

Siri ya mtu isigeuzwe kuwa ombi la kikundi.

Aliyeacha kuja, mfuate mwenyewe kwa miguu yako. Usimtume mtu, wala usimtangaze kwamba amerudi nyuma.

Najua pia kwamba hamfanyi kazi hii mahali penye utulivu. Siku hizi kuna watu wanaouza maji, mafuta na vitambaa kwa wenye shida, wanaotoza fedha ili mtu amwone nabii, na umati unapanga foleni. Inaniuma. Lakini niulizeni foleni ile imetoka wapi. Imetoka kwetu. Mkristo aliyezoeshwa kwamba Mungu anafikiwa kupitia mtu maalumu, ni rahisi kumhamisha: atatafuta tu mtu mwenye sauti kubwa zaidi. Msipoteze jioni nzima kuwalaani manabii wa uongo wakati watu wenu hawajawahi kuomba dakika tano peke yao.

Paulo alikaa Efeso miaka mitatu akimwonya kila mtu usiku na mchana kwa machozi. Hakuwa mlezi mvivu. Lakini siku ya kuwaaga wazee wa kanisa lile, akijua hawatamwona tena uso, aliwaweka katika mikono ya Mungu na neno la neema yake. Hakuwaachia mtu wa kumpigia usiku. Nami sina miaka mingi iliyobaki, wanangu, na ningependa kuwaaga hivyo.

Dada yetu amepona, anatembea taratibu. Bado anababaika akiomba, na mara nyingine anaishia katikati akalia. Namwacha alie.

Basi kikao chenu kijacho fanyeni hivi: fundisheni kwa ufupi, kisha mwagawe watu wawili wawili, kila mmoja amwombee mwenzake kwa sauti, hata kama ni kwa sentensi moja. Mlezi asiombe. Azunguke, asikilize, anyamaze. Na kila mlezi aniletee jina la mtu mmoja ambaye hajaonekana kwa muda, ili tukubaliane siku ya kwenda kwake.

Baba yenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa