Mwanangu, kuhusu ile sauti uliyonitumia

Mwanangu mpendwa,

Huku Sakina, Arusha, hatujambo, na dada yako anakusalimu. Niende moja kwa moja kwenye lile uliloniuliza.

Ile sauti nimeisikiliza mpaka mwisho. Huyo mtu anasema malori ya jeshi yanayopanda Monduli hayaendi mazoezini, kuna orodha ya majina, na watu watafuatwa majumbani usiku. Hataji jina lake, hasemi ameona wapi wala lini. Umeniuliza, "Mama, ni kweli?" Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujaisambaza.

Malori yenyewe ni ya kweli. Monduli kuna chuo cha kijeshi ambako maofisa wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, wanafundishwa, na tangu ukiwa mdogo umeyaona barabara ya Dodoma pale Kisongo: turubai la kijani limekazwa kwa kamba, nyuma vijana wamekaa wakitazamana, bunduki katikati ya magoti, vumbi hadi kwenye kope. Mwanajeshi asiyefanya mazoezi ni hatari kwake na kwetu. Kwa hiyo lori peke yake si ushahidi wa kitu.

Lakini sitakwambia "ni mazoezi tu, nyamaza." Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 sina haki ya kumwambia kijana yeyote hivyo. Wanajeshi waliingia mitaani, Dar es Salaam watu wakaamriwa wasitoke usiku, intaneti ikazimwa nchi nzima, na kuna wazazi waliozika watoto wao. Aliyepitia siku zile akishtuka kuona kombati, simlaumu. Na wakubwa wajue kwamba kuzima intaneti hakukuzima uvumi. Watu walikosa habari, wakabaki na la kuambiwa na jirani, na jirani naye kaambiwa na mwingine.

Nataka nikusimulie kisa cha Marekani, maana naona kinatuhusu. Mwaka 2015 jeshi lao lilitangaza mazoezi yaliyoitwa Jade Helm 15, kuanzia 15 Julai hadi 15 Septemba, katika majimbo kadhaa ya kusini na magharibi, Texas likiwemo. Ramani ya mazoezi ikavuja, na Texas na Utah zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa kuwa eneo la adui. Ni adui wa kwenye mchezo wa mazoezi, lakini hebu fikiria unaona wilaya yako imeandikwa hivyo na jeshi la nchi yako! Watu wakasema Rais Obama anataka kutangaza utawala wa kijeshi na kuwanyang'anya raia bunduki. Maduka machache ya Walmart yalikuwa yamefungwa, kampuni ikisema mabomba ya maji yana hitilafu. Uvumi ukasema hayo ndiyo mahabusu, na chini yake kuna mahandaki.

Tarehe 27 Aprili ofisa mmoja wa jeshi, Luteni Kanali Mark Lastoria, alikwenda Bastrop, Texas, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa watu na kujibu maswali yao, hata yale ya ajabu. Hilo namsifia. Kesho yake gavana, Greg Abbott, akawaagiza askari wa jimbo, Texas State Guard, wayafuatilie mazoezi hayo. Wenye hofu wakaona sasa hata gavana anajua kuna jambo. Septemba mazoezi yakaisha. Hakuna bunduki ya raia iliyotwaliwa, hakuna duka lililogeuzwa mahabusu. Miaka mitatu baadaye Michael Hayden, aliyewahi kuongoza shirika la ujasusi la CIA, alisema Warusi walikuwa wameichochea hofu hiyo mitandaoni, na agizo la gavana liliwaonyesha kwamba mbinu yao inafanya kazi.

Usiwaone watu wa Bastrop wajinga. Mwaka 1993, karibu na Waco, jimboni humo humo, vyombo vya serikali viliizingira jumuiya moja ya kidini kwa siku 51, wakitumia magari ya deraya yaliyotoka jeshini, na ikaishia kwa moto na vifo vya watu zaidi ya 70, watoto wakiwemo. Jeraha lilikuwepo kabla ya uvumi. Mzushi yeyote, wa kwao au wa kwetu, hutafuta kwanza mahali panapouma.

Kinachoniuma mimi ni maswali yanayopotea. Baba yako mdogo anachunga kule Monduli. Siku za mazoezi ya kulenga shabaha anachotaka kujua ni mpaka wa eneo uko wapi, risasi zitaanza saa ngapi, nani atapita kwenye maboma kuwaambia wanawake wasiende kuni upande ule, na watoto wakiokota chuma wasichokijua wampelekee habari nani. Bomu ambalo halikulipuka huua mtoto hata mwaka ukipita. Hayo yana majibu, na kuna watu wanaolipwa mshahara kuyajibu. Kijiji kizima kikishinda kinabishana juu ya orodha ya majina ambayo hakuna aliyeiona, mtendaji anarudi nyumbani bila kuulizwa lolote.

Hata hilo la kuogopa jeshi kuingilia siasa, lina mahali pa kuliulizia. Jeshi la kwanza la nchi hii liliasi Januari 1964, Mwalimu Nyerere akalivunja, na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huohuo. Leo Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Basi ukimwona mwenye kombati mtaani, uliza: nani kamtuma, kwa sheria ipi, anaondoka lini. Muulize mbunge, waulize viongozi wa dini, andika gazetini na jina lako liwe chini. Najua kuuliza hivyo kunahitaji moyo kuliko kubonyeza kusambaza, na siku hizi kuna wanaoulizwa wakakasirika. Mimi mama yako nitaogopa kwa ajili yako. Hata hivyo uliza, baba.

Huyo aliyekutumia sauti usimtukane wala usimcheke, huenda ana ndugu hajamwona tangu Oktoba. Mwulize kwa upole ameipata kwa nani. Baba yako mdogo anasema mkutano wa kijiji ni mwisho wa mwezi, na wamekubaliana wamwombe mwenyekiti amwalike mtu kutoka chuoni aje awaonyeshe mpaka wa eneo la shabaha kwa miguu, vigingi vikisimikwa. Akikubali au akikataa, nitakuandikia.

Mama yako,
Sakina, Arusha