YAH: SHATA ZENU ZA KUZUIA JOTO AMBAZO NDANI NI TUPU

Chikongola, Mtwara
17 Februari 2025

Kwa Meneja Mkuu,

Salamu. Natumaini hamjambo huko Dar es Salaam. Mimi mwili haujambo, ila roho imechafuka, na hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizipeleka tawini kwenu kwa mkono wangu zikagongwa mhuri. Kama hazijawafikia, hilo nalo ni lalamiko.

Masharti ya waranti yenu siyarudii, mliyaandika wenyewe. Naanzia Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa tisa na nusu alasiri, dukani kwangu.

Meneja wenu wa tawi alikuja baada ya kupigiwa simu mara saba. Nilimpa kiti, hakukaa. Nikamwonyesha shata ya dirisha, ile ya vipande vya alumini inayoshushwa nje ya kioo, kipande chake cha chini kabisa, ambacho kifuniko chake cha plastiki cha ubavuni kilidondoka chenyewe. Nikachomoa njiti moja ya fagio la chelewa, nikaichomeka kwenye lile tundu. Ikaingia yote, mpaka vidole vyangu vikagota kwenye bati. Ndani hamna kitu. Nikamwambia kwa adabu, "Baba, profoma yenu, ile karatasi ya bei mliyonipa, imeandika alumini pande mbili, katikati povu gumu la poliurethani. Povu liko wapi?" Akanitazama, akawatazama wateja waliokuwa kwenye foleni, akasema kwa sauti ya mnadani: "Wewe mama, ulitaka shata au friji?" Watu wakacheka. Akaninyang'anya ile njiti, akaivunja, akaitupa barabarani. Akaondoka.

Nilitaka shata. Na nilijua ninachonunua, kwa sababu ni nyinyi mlionifundisha.

Duka langu limetazama magharibi. Miezi hii ya kaskazi, kuanzia saa nane mchana jua linapiga kioo moja kwa moja mpaka linazama. Mapazia mazito nilishatundika, hayakufua dafu: jua likishavuka kioo, joto limo ndani tayari, pazia lenyewe linapata moto na kuurudisha chumbani. Mwezi wa Novemba, msimu wa korosho, watu wanalipa madeni na mimi nina pesa mkononi, mhudumu wenu alikuja akanieleza vizuri sana (simlaumu yeye, kijana ana heshima zake). Alisema shata inakaa nje ya kioo ili jua lizuiwe kabla halijaingia. Akasema bati peke yake halitoshi, maana alumini inapitisha joto upesi. Hilo hata bila yeye nalijua, si ndiyo hiyo tunayotengenezea sufuria? Kazi yote ni ya povu: limejaa vitundu vidogo vidogo vilivyofungiwa hewa isiyotembea, joto likifika humo linakwama. Wenzetu wa Ulaya wanazifunga ili joto la ndani lisitoke wakati wa baridi, sisi tunataka la nje lisiingie, povu ni lilelile. Akaniachia kipande cha mfano, kimekatwa kwa msumeno, urefu wa kiganja, ndani povu la rangi ya maziwa limeshikana na bati pande zote. Kipande hicho ninacho mpaka leo. Kiko kwenye droo, kimefungiwa.

Mlichokuja kufunga si hicho. Nililipa shilingi 4,260,000 kwa shata tatu, risiti ya EFD ninayo, mkanifungia madebe.

Ningekuwa nauza vitenge ningejipepea nikanyamaza. Mimi nauza dawa. Maboksi mengi yameandikwa yahifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, na ukutani nina kipimajoto ambacho nakiandikia daftari asubuhi na alasiri. Fungueni daftari hilo mwezi wa Januari, shata zikiwa zimeshushwa: 33, 34, 33, 34. Kapsuli zimegandana ndani ya kopo hata ukilitikisa halilii. Dawa za homa za watoto, zile za kuwekwa njia ya haja kubwa, zimekuwa uji ndani ya vifuko vyake. Siwezi kuziuza, na kuzitupa jalalani siruhusiwi. Nimezitenga kwenye boksi lenye alama nyekundu, nasubiri utaratibu wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wa kuziteketeza. Dawa hizo zina thamani ya shilingi 612,000. Na kiyoyozi, ambacho shata zilikuja ili kipumzike, sasa kinaunguruma kutwa na umeme wa LUKU unaisha kabla wiki haijaisha.

Sijasema habari ya kelele. Shata yenye povu ni nzito na imetulia. Upepo wa baharini ukivuma hizi zenu zinagongana usiku kucha mpaka jirani alikuja kuuliza kama naezua bati. Kasha la juu, ambamo shata inajikunjia, mafundi waliliacha na nafasi ukutani ambayo mkono unapita, na hewa ya moto inashukia hapo hapo. Wamehamia mijusi. Skrubu nazo ni za chuma cha kawaida, zimeshaanza kulia kutu miezi mitatu tu, kwenye mji ambao chumvi unaiona kwenye vioo vya magari. Chuma na alumini vikikutana kwenye chumvi vinakulana, fundi yeyote wa boti wa hapa angewaambia. Lakini hayo ya skrubu nilikuwa tayari kuyameza.

Nirudi kwenye ile njiti, maana usiku nikilala ndiyo ninayoiona.

Hakuiomba. Aliivuta mkononi kwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Mimi nimevaa koti langu jeupe, niko nyuma ya kaunta yangu, mbele ya kijana wa bodaboda, wamama wawili wa mtaani kwangu na mzee mmoja aliyefuata dawa yake ya presha. Hao ndio ninaowaambia kunywa hiki mara mbili kwa siku, nao wananiamini. "Wewe mama, ulitaka shata au friji?" Mama mmoja alicheka huku amejifunika mdomo kwa kanga, na tangu siku hiyo dawa ananunua kwingine. Yule mzee hakucheka. Meneja wenu alipowasha gari, mzee alitoka, akainama taratibu kwa maumivu ya kiuno chake, akaokota vile vipande viwili vya njiti kwenye vumbi, akaniletea. Akasema, "Weka, mwanangu. Utavihitaji." Ndipo nilipolia, na kulia mbele ya wateja sijawahi, tangu nifungue duka.

Sasa ninachotaka. Barua ya kwanza niliomba mnibadilishie shata moja tu, ile iliyofunguka. Ya pili niliomba zote tatu. Leo naomba zote tatu zibadilishwe kwa zenye povu, kipande kikatwe mbele yangu kabla ya kufungwa, mlipe shilingi 612,000 za dawa, na meneja wenu aje aniombe radhi saa tisa na nusu ileile watu wakiwepo, si kwa simu.

Nilipofika hapa umeme umekatika. Kipimajoto kinasoma 34 na nimefunga shata zenu zote. Kwa hiyo futeni hayo niliyoandika juu ya kubadilishiwa, shata yoyote kutoka kwenu siitaki tena. Nataka shilingi 4,260,000 zote, nataka 612,000, nataka mje mng'oe madebe yenu na kuziba ukuta mlioutoboa. Radhi iko palepale.

Nawapa mpaka Jumatatu, tarehe 24 Februari, kabla Ramadhani haijaingia, maana sitaki kufunga nikiwa na kinyongo cha watu. Baada ya hapo profoma, risiti, picha na daftari la joto vinakwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na povu ambalo halipo sijui mtaliita jina gani jingine.

Na wakati faili linatembea, kile kipande chenu cha chini nitakifungua nikitundike mlangoni, pembeni yake kile cha mfano chenye povu, na chini yake fagio la chelewa. Kila mteja atakayeingia atapewa njiti ajaribu mwenyewe kote kuwili. Wakiniuliza ni kampuni gani, nitajibu.

Nimeambatisha nakala ya profoma, ya risiti, na kurasa nne za daftari. Njiti iliyovunjwa nimeibandika hapa chini kwa gundi, vipande vyote viwili. Naomba nirudishiwe.

Wenu mteja,
Mwenye duka la dawa, Chikongola