Shukrani kwa dada wa Stendi ya Magufuli

Naandika kumshukuru dada mmoja ambaye hakutaka kunitajia jina lake, aliyetukuta mimi na binti yangu katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na moja alfajiri, tukiwa tumesimama tumeduwaa. Binti yangu, aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa anasafiri kwenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga, kwa mafunzo ya lazima ya wahitimu wa kidato cha sita yaitwayo "mujibu wa sheria", utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Begi lenye shuka za bluu, bukta, raba na soksi nyeusi lilikuwa limeibwa ndani ya daladala.

Dada huyo, ambaye alisema naye aliwahi kuwa kuruta, yaani mwanafunzi wa mafunzo hayo, alifungua begi lake mwenyewe akatoa sweta zito, kwa kuwa baridi ya Mafinga haina mzaha. Akampigia simu mwenye duka wa jirani mpaka akaja kufungua, akalipia vyote vilivyopungua, na akasisitiza raba zimzidi mtoto kidogo, kwani mchakamchaka wa alfajiri na kwata ya juani huvimbisha miguu. Akamfundisha pia kuitikia "Afande!" kwa sauti ya kusikika, na hapo mtoto aliyekuwa akilia akacheka.

Nilipotaka kumrudishia fedha alikataa, akaniomba nimsaidie kuruta mwingine mwakani; nanyi wazazi wenzangu mtakaokuwa stendi siku hizo, tazameni pembeni yenu. Dada, binti alifika salama, na raba hazijamchubua.